Meno Yetu na Maji ya Meru



Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru twajulikana kwa meno ya rangi ya kahawia, na wageni hudhani hatupigi mswaki. Shuleni tuliyasugua kwa mkaa hata ufizi ukatoka damu, bila faida. Kumbe si uchafu. Ni floridi itokayo katika mawe ya volkano, nayo humdhuru mtoto meno yake yangali yakiumbwa ufizini.

Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita; visima vingi vya pande hizi hupita kipimo hicho. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kituo cha Ngurdoto kimechunguza kuyachuja kwa mkaa wa mifupa.

Twaomba Katibu aandike barua kuuliza maji ya Moshono yalipimwa lini.