Mtoto wa Kunyonya na Wajibu wa Baba

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemwekea mtoto riziki yake kifuani mwa mama yake kabla hajajua kuiomba. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja wake na ni Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni, na kwanza naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika yale yanayoonekana na watu, na katika yale yatendekayo ndani ya nyumba milango ikiwa imefungwa. Na khutba yetu ya leo ni ya hayo ya ndani ya nyumba. Tutazungumza juu ya mtoto mchanga, tangu siku azaliwapo mpaka atimizapo mwaka, na juu ya wazazi wake wawili.

Huenda akatokea mtu akauliza: Je, mambo ya nepi na maziwa ni mambo ya kusemwa juu ya mimbari? Jawabu ni kwamba Qur'ani Tukufu yenyewe imeyasema. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mola wetu ametaja unyonyeshaji wa miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza. Akamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Akakataza mama kutiwa dhiki kwa sababu ya mtoto wake, na baba vivyo hivyo. Kisha akabainisha kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo, basi iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili.

Tazameni, ndugu zangu, aya hii imewekwa wapi. Imekuja katikati ya hukumu za talaka. Maana yake ni kwamba hata mume na mke ambao ndoa yao imevunjika, na huenda hawatazamani usoni, wameamrishwa wakae washauriane kwa ajili ya kitoto kisichojua kusema. Basi ikiwa hao walioachana wanatakiwa mashauriano, itakuwaje kwa wale walalao chini ya paa moja, kisha baba asijue hata mwanawe ameamka mara ngapi usiku uliopita?

Katika mwambao wetu huu tunayo desturi njema ya arobaini. Mzazi hurudi kwa mama yake, au mama yake humjia; hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto hupokewa na mikono mingi. Siku ya saba huchinjwa akika kwa mwenye uwezo, mtoto akanyolewa na kupewa jina. Watu huja na kanga na sabuni, hupongeza, hula, hucheka. Kisha siku arobaini hutimia, bibi hurudi kwake, majirani hurudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Mtoto mchanga hunyonya mara nane hata kumi na mbili kwa mchana na usiku. Hesabuni wenyewe. Mama huyu amelala saa nne za usiku, akaamshwa saa sita, akaamshwa saa nane, akaamshwa tena saa kumi, na adhana ya Alfajiri inamkuta ameketi kitandani mtoto yuko kifuani. Kukipambazuka anangojwa na maji ya kuteka, nguo za kufua, chungu cha kupika na watoto wakubwa wa kupeleka shule. Na baba? Baba amehamia sebuleni na mto wake tangu wiki ya kwanza, akisema kwamba yeye ana kazi asubuhi. Kana kwamba mkewe hana kazi asubuhi! Mchana akirudi, akikuta chakula kimechelewa, hununa.

Akina baba wengi hudhani kwamba hayo yote ni kazi aliyoandikiwa mwanamke, na kwamba hana shukurani ya kudai. Basi wasikilize yasemayo madhehebu yetu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj, ambacho kimesomeshwa katika madarasa ya pwani hii kwa vizazi na vizazi, ametaja kwamba mama analazimika kumnyonyesha mwanawe yale maziwa ya mwanzo yatokayo baada ya kuzaa. Baada ya hapo, akiwa hapana mwingine wa kunyonyesha ila yeye, atalazimika. Lakini akiwapo mwingine, mama halazimishwi, ingawa yungali ndani ya ndoa ya baba wa mtoto. Gharama ya kumnyonyesha mtoto ni dhima ya baba. Sisemi haya ili wake zetu wasusie watoto. Mama na mwanawe hawahitaji khutba yangu ili wapendane. Nayasema ili baba ajue kwamba kila usiku mkewe anapoamka anafanya ihsani kubwa, na mwenye kufanyiwa ihsani hanuni kwa sababu ya mchuzi.

Na hapa pana faida nyingine isiyofaa kupitwa. Maziwa hayo ya mwanzo ndiyo tuyaitayo dang'a, mazito na ya rangi ya manjano. Wako wazee wetu waliokuwa wakiyakamua na kuyamwaga, wakisema ni machafu. Wanavyuoni wa fiqhi waliyafanya ni wajibu kwa kuwa waliona kwamba mtoto aghalabu hasimami bila ya hayo. Na matabibu wa leo wanasema kwamba ndani yake mna kinga ya maradhi. Madaktari wanasema pia kwamba miezi sita ya kwanza mtoto atoshewe na maziwa ya mama peke yake, wala asipewe hata maji. Kisha aongezewe uji mzito, ndizi ya kuponda, viazi na mboga na samaki aliyechambuliwa, naye aendelee kunyonya mpaka miaka miwili. Basi bibi anayemtia mjukuu wake uji wa mtama kinywani akiwa na miezi miwili, kwa kusema kwamba analia njaa, na aelezwe kwa upole na kwa heshima. Bibi haelezwi kwa ukali.

Ndugu Waislamu, kisikilizeni kisa hiki cha Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alipokuwa Khalifa, waliingia Madina wafanyabiashara, wakapiga kambi penye uwanja wa kusalia. Usiku akatoka yeye na Abdurrahman bin Auf kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu na amtendee mwanawe wema, akarudi mahali pake. Akamsikia tena, akarudi tena kumwambia. Usiku ulipokuwa umekwisha kwenda sana akamsikia mara ya tatu, na safari hii akamlaumu yule mama kwa maneno makali. Mwanamke, naye hamjui anayesema naye, akamjibu kwamba amemchosha usiku kucha. Yeye anamwachisha mtoto ziwa, na mtoto anakataa. Umar akauliza sababu ya kumwachisha. Akaambiwa kwamba Umar hatoi posho katika Baitul Mali ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Akauliza umri wake, akatajiwa miezi michache. Akamsihi asimharakishe.

Akaenda akasalisha Alfajiri, na watu hawakuweza kubaini kisomo chake kwa kilio. Alipotoa salamu alijisikitikia nafsi yake kwa watoto wa Waislamu aliowaangamiza, kisha akaamrisha mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, kwani tangu siku hiyo kila mtoto azaliwaye katika Uislamu atapewa posho yake. Akayaandika hayo kwa magavana wake katika miji yote.

Zingatieni jambo moja katika kisa hiki. Umar alikwenda mara tatu kumnasihi mama, kumbe ufumbuzi haukuwa kwa mama. Ulikuwa kwa mwenye mkoba. Leo mnamwona mama ameachisha mtoto mapema, mkasema huyu mama hana huruma. Mwulizeni kwanza amekula nini tangu jana. Mwulizeni kama baba wa mtoto ameacha fedha za matumizi au ameaga tu. Mwulizeni kama tajiri wake amemwambia arudi kazini au atafute kazi nyingine. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imempa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini aruhusiwe kunyonyesha hadi saa mbili katika siku ya kazi. Baba naye amepewa siku zisizopungua tatu. Ewe Mwislamu mwenye duka, mwenye kiwanda, mwenye skuli, kumbuka kwamba usipotimiza hayo umedhulumu watu wawili, na mmoja wao hajaota meno.

Tumwangalie sasa Mtume wetu (S.A.W.). Mama Aisha aliulizwa juu ya mwenendo wake nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa katika huduma ya watu wake mpaka ufikapo wakati wa Sala. Alisalisha hali amembeba Umama, binti wa Zainab, mjukuu wake. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Alipokuwa akitaka kurefusha Sala kisha akasikia mtoto analia katika safu za nyuma, aliifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama unavyosononeka. Na Ummu Qays binti Mihsan alipomletea mwanawe ambaye hajaanza kula chakula, alimpakata, na mtoto akamkojolea nguoni. Hakukasirika, wala hakumrudisha kwa mama yake upesi upesi kama wafanyavyo wanaume wetu. Alitaka maji, akanyunyizia pale.

Kutokana na hadithi hii mama ajipatie wepesi. Mkojo wa mtoto mwanamume aliye chini ya miaka miwili, ambaye hajala chakula ila maziwa, hunyunyiziwa maji yakapaenea pale palipolowa, baada ya kuondoa mkojo wenyewe. Na wa mtoto mwanamke huoshwa. Basi mama asiache Sala kwa kusema kwamba hana nguo safi. Aweke kanga moja kando ya Sala peke yake, na baba amshike mtoto kwa muda wa rakaa zake. Na katika Ramadhani, anyonyeshaye akihofia nafsi yake au mtoto wake, anayo ruhusa ya kufungua, atalipa baadaye. Na akiwa amehofia mtoto peke yake, ataongeza kibaba cha chakula kwa kila siku.

Sasa nataka kusema neno zito na akina baba, na vijana walio karibu kuoa walisikie. Kilio cha mtoto katika wiki za mwanzo huongezeka, kikafika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha kikapungua mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Huenda mtoto ameshiba, ni mkavu, hana homa, na bado analia. Si ukaidi, wala hakupata uchawi kwa jirani. Mtu aliyekosa usingizi siku nyingi huweza kupandwa na hasira, akamshika mtoto na kumtikisa ili anyamaze. Jihadharini sana! Shingo ya mtoto haina nguvu, na mtikiso mmoja huweza kumvujisha damu ubongoni, akafa au akawa kilema maisha yake yote. Ukiona hasira imekujia, mlaze mtoto chali mahali pa salama, toka nje ya chumba, tia udhu, kisha mwamshe mwenzio au mwite jirani. Mtoto aliyelia dakika kumi hadhuriki.

Vilevile yuko mama ambaye baada ya kuzaa huingiwa na huzuni isiyoondoka: halali hata mtoto akilala, hali, hulia bila sababu, pengine huogopa kubaki na mwanawe peke yake. Watu husema ana jini, wakamfungia ndani na buhuri. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema, lakini haya ni maradhi yajulikanayo, na yana tiba hospitali. Mpelekeni, tena mapema. Na akisema kwamba nafsi yake inamwambia ajidhuru au amdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja.

Yaliyobaki ni mepesi kuyataja. Mtoto alazwe ndani ya chandarua kila usiku. Akiharisha asinyimwe ziwa, bali azidishiwe, na apewe ile dawa ya unga ya chumvi na sukari itolewayo zahanati, kwa maji safi. Kadi yake ya kliniki ihifadhiwe kama hati ya nyumba, na chanjo zisipitwe, hasa ile ya surua katika mwezi wa tisa, kwani wengi huchoka kliniki mtoto akishaanza kutambaa. Na si haramu kwa mwanamume kupanga foleni kliniki na mtoto begani.

Ewe Mola wetu, wape afya mama wote wakeshao usiku wa leo. Watie akina baba huruma mikononi mwao, na uwape riziki ya halali ya kuwatosheleza. Warehemu watoto waliotangulia kwako kabla ya kutimiza mwaka, na uwape subira wazazi wao. Na mtoto yeyote aliaye saa hii, naye hana wa kumbembeleza, mjaalie mikono ya kumpokea. Amin.