Mgonjwa wa Mwisho kwenye Benchi

Somo: Waefeso 6:5–8

Twajua kwamba wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni, wengine dukani, na wengine labda mmelala kitandani kwa ugonjwa. Leo tunataka kuzungumza habari za wagonjwa na za wale wanaowatibu, na habari za jicho la Mungu lililo juu yao wote.

Sisi tunaosema nanyi tunatoka Katito, katika nchi ya Nyakach. Mkitoka Ahero na kuyaacha mashamba ya mpunga nyuma yenu, mnafika kwetu kabla ya kwenda Sondu na Kisii. Na hapo kwetu ndipo inapoachana nayo barabara ya kwenda Kendu Bay na Homa Bay. Wapitao ni wengi, na wagonjwa ni wengi vile vile, kwa maana pande hizi za Ziwa ndizo zenye malaria nyingi kuliko pande nyingine zote za Kenya. Hakuna nyumba kwetu isiyojua usiku wa mtoto mwenye homa. Hakuna mzazi asiyeijua benchi ya kungojea dawa.

Zamani kidogo tulimsindikiza mama mmoja mzee wa kanisa letu, ambaye sote humwita Dani, yaani nyanya, kwenda kutibiwa mbali na kwetu. Mahali penyewe hatutapataja. Tulifika asubuhi, tukakaa. Muuguzi alikuwa mmoja tu. Alipokea kadi, akauliza swali moja, akaandika bila kuinua uso, akaita mwingine. Ndivyo ilivyokwenda mpaka jua likawa kali.

Mara gari likaingia uani, wakashuka wageni wenye mafaili, waliokuja kukagua kazi. Naam, yule muuguzi alisimama! Alivaa koti lake jeupe, akanawa mikono, akatoa kipimajoto sandukuni. Zamu ya Dani ilikuwa imefika. Akaulizwa kikohozi kilianza lini, usiku analalaje, na dawa gani amekwisha kunywa. Akapimwa joto, akapimwa presha, kifua chake kikasikilizwa, naye akaelezwa dawa zake moja moja. Wageni wakaandika, wakashukuru, wakaenda zao. Aliyemfuata Dani alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Huyo aliingia, na kabla hatujamaliza kumfunga Dani shuka yake, alikuwa amekwisha kutoka na kijikaratasi mkononi.

Njiani Dani akatuambia, "Wanangu, mimi leo nimetibiwa na lile gari."

Tulicheka, lakini neno lile lilitukaa moyoni.

Ndugu msikilizaji, jambo alilolisema Dani kwa mzaha, wenye elimu wamelichunguza kwa makini. Huko Arusha, nchi jirani ya Tanzania, watafiti wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, walitaka kujua jinsi waganga wanavyowahudumia wagonjwa. Kwanza waliwauliza wagonjwa waliokuwa wakitoka chumbani: Je, mganga alikuuliza nini? Alikupima? Alikueleza ugonjwa wako? Kisha mtafiti akaingia ndani, akaketi pamoja na mganga, akitazama. Katika taarifa waliyoitoa mwaka 2006 walisema kwamba mara mtazamaji alipoingia, kazi iliongezeka ubora. Maswali yakawa mengi, vipimo vikafuatwa. Lakini kadiri wagonjwa walivyoendelea kuingia, mganga akamzoea yule mgeni, na kazi ikarudi polepole mahali ilipokuwa mwanzo.

Tufikiri jambo hili. Mganga yule hakufundishwa neno lolote jipya asubuhi ile. Hakuletewa dawa mpya wala chombo kipya. Ujuzi ulikuwamo ndani yake siku zote. Kilichozidi ni macho ya mtu mmoja tu.

Hata hapa Kenya tumeona kwamba kujua ni jambo moja, na kutenda ni jambo jingine. Mwaka 2015 watafiti walikaa katika vituo vya afya vya Kakamega, Kilifi na Meru, wakawatazama wahudumu 935 jinsi wanavyomkinga mgonjwa asiambukizwe. Katika habari za sindano walikuta usalama mwingi, na hilo ni la kushukuru. Lakini katika kusafisha mikono, kwa kila mara 100 iliyopasa, haikufika hata mara 3. Ndugu zetu, hakuna muuguzi asiyejua habari za kunawa mikono. Ni somo la kwanza, tena hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua.

Basi Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso aliliona jambo hili zamani sana. Aliwaambia watumishi wasifanye kazi kwa sababu tu wanatazamwa, kana kwamba shabaha yao ni kuwapendeza wanadamu, bali wafanye kwa moyo, kama watu wanaomtumikia Kristo mwenyewe. Paulo hasemi kwamba kazi ya kutazamwa ni mbaya. Dani alitibiwa vema siku ile, naye akapona kikohozi chake. Ubaya ni kwa yule aliyefuata. Ubaya ni kwa mtoto aliyekuja wakati gari limekwisha kuondoka.

Lakini tusiwe wepesi wa kuokota mawe. Tulipokuwa tukiaga siku ile, tulimsalimu yule muuguzi, tukamwuliza habari za kazi. Akatuambia ya kwamba alikuwa zamu tangu jana jioni, maana mwenzake alikuwa ameitwa kwenye mafunzo. Alikuwa hajala kitu. Macho yake yalikuwa mekundu. Sisi tulikuwa tumekaa mbele yake saa nne nzima, tukihesabu makosa yake, wala hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumpelekea kikombe cha chai.

Kuna jingine linalotuhukumu zaidi. Yule mama kijana hatukumwuliza jina lake. Hatukumwuliza mtoto anaumwa nini, wala kama ameelewa jinsi ya kumpa dawa. Mgonjwa wetu alikuwa amekwisha kutibiwa, nasi tukashika njia. Muuguzi hakuinua uso kumtazama. Na sisi wazee wa kanisa, je, tuliinua?

Tena sikilizeni. Mwezi ule ule tulipata habari kwamba Askofu atatutembelea. Loo, kazi iliyofanyika! Kuta zilipakwa chokaa, majani yakafyekwa, kwaya ikafanya mazoezi kila jioni. Mbele ya Askofu tulisimama tukaahidi kuwatembelea wagonjwa wa usharika kila juma. Askofu akaja, akatubariki, akaenda. Jumapili ya pili yake kwaya ilikuja nusu. Na wagonjwa? Dani ndiye aliyesimama baada ya ibada akauliza, "Kumbe nanyi mwaendeshwa na gari?"

Hatukuwa na la kujibu.

Wapendwa, dhambi hii si ya wauguzi peke yao. Mwalimu anaijua, hasa siku ya mkaguzi. Fundi anaijua, pale mwenye nyumba anapogeuka kwenda zake. Mhubiri naye anaijua: sala yake ya kanisani ni ndefu, na ya chumbani ni fupi. Lakini mbele ya mgonjwa dhambi hii ni ya hatari zaidi, kwa sababu mgonjwa hana uwezo wa kukagua. Hajui swali gani halikuulizwa. Hajui kipimo gani kiliachwa. Amejikabidhi. Mtu aliyejikabidhi kwako hivyo, Mungu amemweka mikononi mwako kama amana.

Je, hakuna dawa ya ugonjwa huu wetu? Ipo, ndugu, na tena hata katika tafiti hizo tunaiona ikidokezwa. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa katika vituo 107 vya afya vya mashambani hapa Kenya, pwani na magharibi. Wahudumu wa baadhi ya vituo walipelekewa ujumbe mfupi kwa simu zao, mara mbili kwa siku za kazi, kwa muda wa miezi sita. Ujumbe uliwakumbusha mambo waliyokwisha kuyajua juu ya kumtibu mtoto mwenye malaria, pamoja na neno la kuwatia moyo. Matokeo yalikuwa nini? Kati ya kila watoto 100, wapatao 24 zaidi walitibiwa kama ipasavyo. Na miezi sita baada ya ujumbe kukoma, faida ile ilikuwa ingalipo.

Neno fupi la kukumbusha, likirudiwa kwa upole kila siku! Je, hamwoni kwamba Kanisa lilipewa kazi hiyo tangu mwanzo? Tuliagizwa kuonyana kila siku, maadamu iitwapo leo.

Tena mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi zaidi ya 300 kutoka nchi nyingi zenye mapato madogo na ya kadiri, wapate kujua ni nini kinachomsaidia mhudumu wa afya afanye kazi yake vizuri. Waliona kwamba karatasi za maagizo peke yake hazibadilishi kitu kikubwa. Mafunzo yanasaidia kiasi. Mafunzo pamoja na msimamizi anayekuja kutembelea yanasaidia zaidi. Na mahali ambapo wahudumu walifundishwa, kisha wakaketi pamoja kutafuta suluhisho la shida zao wenyewe, hapo palionekana mabadiliko makubwa.

Basi na tujifunze. Mtu habadiliki kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Habadiliki kwa kukemewa mara moja kwa mwaka. Hubadilika anapokuwa na wenzake wanaomjua, wanaomjia, wanaouliza naye: "Ndugu, ni nini kinachokushinda, nasi tukusaidieje?" Lakini hata hao wenzake hawawezi kuwa naye saa tisa ya usiku, taa inapofifia na mtoto analia. Saa ile muuguzi yu peke yake na mgonjwa. Saa ile yampasa kuwa na jicho jingine.

Jicho hilo lipo. Hagari alipokuwa jangwani, mjakazi asiye na mtetezi, aliligundua hapo kisimani. Alimjua Mungu kuwa ndiye amwonaye. Kwa Hagari habari hiyo haikuwa tisho. Ilikuwa faraja. Wewe muuguzi uliyechoka, Mungu akuona. Si kama mkaguzi mwenye faili, bali kama Baba ajuaye kwamba hujala tangu jana. Na wewe mama uliye wa mwisho kwenye benchi, Mungu akuona, hata kama mwandikaji hakuinua uso. Wala si hilo tu. Bwana Yesu alitufundisha ya kwamba siku ya mwisho atasema habari za mgonjwa aliyeangaliwa na mgonjwa asiyeangaliwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa pale. Basi huna haja ya kungoja gari liingie uani. Mkaguzi amekwisha kufika. Ameketi kwenye benchi, na kadi yake iko mkononi.

Tufanye nini basi? Wewe uliye mhudumu wa afya, chagua jambo moja unalolijua na ambalo umeliacha. Labda ni kunawa mikono. Labda ni kumpima mtoto uzito kabla ya kuhesabu vidonge. Lirudishe kesho, kwa mgonjwa wa kwanza na kwa mgonjwa wa mwisho. Wewe uliye mgonjwa, sema kweli yote juu ya ugonjwa wako, uliza kwa heshima usipoelewa, na maliza dawa uliyopewa hata kama homa imeshuka. Nasi tulio usharika, tuwaombee wauguzi wetu kwa majina. Tuwapelekee chai. Tuwabebee maji bomba likikauka. Kisha tukiona kosa, tuliseme kwa wahusika kwa upole, wala tusilitangaze sokoni.

Kwetu Katito, wazee sasa huenda wawili wawili kila juma kuwatembelea wagonjwa. Si kazi kubwa, na juma jingine tunashindwa. Lakini Dani aliweka sharti moja: kabla hatujaondoka kwenye benchi, tumsalimu na yule aliyekaa baada ya mgonjwa wetu, na kumwuliza jina lake.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uonaye sirini, utusamehe kazi tulizozifanya kwa ajili ya macho ya watu. Uwatie nguvu wauguzi na waganga wote walio zamu saa hii. Umguse kila mgonjwa anayengoja. Utupe moyo mmoja, tukionekana na tusipoonekana. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.