Mwanga Mkali na Kitambaa cha Moto



Mama anayepika kwa kuni pale Ihanda, Karagwe, akilalamika kwamba macho yanamwasha na kutoa machozi, huambiwa ni moshi tu. Huenda ana ugonjwa wa macho makavu. Tezi za mafuta kwenye kingo za kope zikiziba, machozi hukosa mafuta na kukauka upesi.

Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza mashine ya mwanga mkali kwa ugonjwa huu. Macho hufunikwa, ngozi ya chini yake ikamulikwa. Lakini ngozi nyeusi hufyonza sana mwanga huo, nayo yaweza kuungua. Ukiuziwa tiba hiyo mjini, uliza kwanza: je, inafaa ngozi yangu?

Nyumbani, loweka kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza, kikamue, kiweke juu ya macho uliyoyafumba kwa dakika 5 hadi 10. Joto hulainisha mafuta yaliyoganda. Kila mtu awe na kitambaa chake, na moshi upatiwe njia ya kutoka jikoni. Macho yakiuma sana au yakififia, usitie majani, nenda hospitali.

Tusidharau kitambaa eti kwa kuwa hakitumii umeme.