Mazungumzo Baada ya Habari: Ziwa Linapofunguliwa

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku katika Ziwa Mweru upande wa Zambia ili samaki wapate kuzaana. Ifikapo tarehe 1 Machi ziwa hufunguliwa, na wavuvi, wachuuzi na wenye malori humiminika Kashikishi, wilayani Nchelenge, na katika visiwa vya Kilwa na Isokwe. Askari wa doria hukagua nyavu haramu. Mganga ana hesabu nyingine: wangapi watakutana na wangapi, na wangapi kati yao wamebeba vijidudu vya kipindupindu bila hata kuharisha.

Ziwa hilo limewahi kufungwa kwa ajili ya maradhi yenyewe. Kati ya mwaka 1906 na 1922, utawala wa kampuni ya kikoloni ya British South Africa ulipambana na malale katika bonde la Luapula na mwambao wa Mweru. Vijiji vilihamishwa mbali na maji. Uvuvi na safari za mitumbwi zikakatazwa. Nchini Uganda, Gavana Hesketh Bell naye aliwahamisha watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria, ambako malale yaliua watu zaidi ya 200,000. Kwa upande wa mbung'o amri hizo zilikuwa na maana, kwani mbung'o asiyempata mtu hana wa kumwambukiza. Lakini tumbo la mvuvi halikuhesabiwa. Mwanahistoria Mwelwa Musambachime ameeleza kwa kirefu hasara waliyoipata watu wa Mweru na Luapula. Na mtu avuaye usiku kwa siri haendi kwa daktari kupapaswa tezi za shingo, ilhali malale huweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, bila kujionyesha. Mtu wa namna hiyo ndiye anayengoja ziwa lifunguliwe.

Mwaka 1911 Ronald Ross, aliyepata kuwa daktari katika utumishi wa Uingereza huko India, alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua kila mbu ili malaria itoweke. Yatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani. Chukua mfano wa wagonjwa 100. Ikiwa kila 10 huambukiza wengine 8, kizazi cha pili kitakuwa na wagonjwa 80, cha tatu 64. Wakiambukiza 12, watakuwa 120, kisha 144. Kufungua kazi ovyo ni kuvuka mstari huo mwembamba.

Hesabu za namna hiyo zilitumika sana mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, viwanda na ofisi vilipotaka kufunguliwa. Watu 100 katika bwalo moja la kambi wanaweza kukutana wawili wawili kwa njia 4,950. Wagawe zamu mbili za watu 50 wasiochanganyika: njia hubaki 2,450, na kazi haijasimama.

Kwa kipindupindu, hata hivyo, zamu peke yake haitoshi, kwa kuwa ugonjwa huo hupita katika maji na chakula. Choo na maji yenye klorini havina budi kuwapo katika kambi za wavuvi mwezi Februari, kungali kimya. Kuanzia tarehe 1 Machi kila mkono ulio kambini unashika kasia, na wa kuchimba choo hapatikani.