Binti Mfalme Katika Nchi Isiyokuwa na Mfalme



Mtoto wa kike wa miaka mitano au sita wa Mbulu au Hanang anapotangaza kwamba yeye ni "princess", anadai cheo ambacho bibi zake hawakupata kukiona. Wilaya hizi zina utajiri wa lugha usio na kifani. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kiswahili na Kinyiramba ni za Kibantu, na katika bonde la Yaeda Wahadzabe husema lugha ya vidoko ambayo wanaisimu wengi hawaioni kuwa na ndugu. Pamoja na utajiri huo, ufalme haukuwapo. Wairaqw waliongozwa na wazee na wataalamu wa matambiko. Wadatoga nao walikuwa na koo za waganga na mabaraza. Machifu wa serikali waliletwa na ukoloni, na mwaka 1963 cheo chao kikafutwa kwa sheria ya Tanganyika huru. Kwa hiyo binti mfalme wa Mbulu hana ikulu ya kurejea, hata katika masimulizi ya ukoo wake.

Neno hilo limefika kwa njia zinazojulikana. Kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu ya Snow White mwaka 1937, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawakusanya mabinti wa filamu zake chini ya nembo moja ya biashara. Filamu ya Frozen ya mwaka 2013 iliongeza moto huo. Magauni na mikoba yenye picha zao, vikichokwa huko vilikotoka, huingia katika marobota ya mitumba na kutandazwa juu ya turubai mnadani, karibu na chumvi ya ng'ombe na makatambuga ya matairi. Kanisa nalo, bila kukusudia, limesaidia: gauni jeupe la komunyo ya kwanza, pamoja na shela fupi na taji la maua, ni vazi ambalo mtoto wa miaka mitano amekwisha kuliona kwa dada yake na kulitamani.

La kuzingatia kwanza ni neno lenyewe. Kiswahili hakina neno moja kwa dhana hii. "Binti mfalme" ni fungu la maneno mawili, na zito kati ya hayo ni lile linalomtaja baba. Binti huyo hana jina la cheo. Ana jina la uzawa. "Malkia", lenye asili ya Kiarabu, humtaja mwanamke anayetawala au mke wa mfalme, na mtoto anayeitwa hivyo amerukishwa utoto wake wote. Lugha ya pwani ilikuwa na neno "mwana", lililotangulia majina ya wanawake wenye hadhi: ndivyo alivyoitwa Mwana Khadija, aliyetawala Pate katika karne ya 18, na Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Neno hilohilo ndilo la mtoto. Ni hasara kwamba Kiswahili cha bara hakikulirithi kwa maana hiyo ya heshima.

Sasa mtoto wa Mbulu hasemi "mimi ni binti mfalme". Husema "princess", na katika neno hilo, jinsi linavyomfikia, baba hayumo. Hadai kwamba baba yake anatawala. Anamwona kila asubuhi akitoka na jembe begani. Akiulizwa princess ni nani, ataeleza gauni, nywele, na kwamba watu wote wanamtazama anapopita. Kwa matumizi haya, tafsiri iliyo karibu zaidi ni mtu ambaye wengine wanaacha shughuli zao ili wamwangalie. Katika nyumba yenye watoto sita na ng'ombe wa kunyweshwa, hilo si ombi dogo.

Wazazi wengi hulijibu neno "mfalme", ambalo mtoto hakulitamka. Mama hucheka na kusema, "Princess gani asiyejua kuchota maji? Haya, chukua ndoo." Baba mwenye cheo kanisani huogopa kiburi na kukataza mchezo. Wengine, hasa waajiriwa wa Katesh, Haydom na Mbulu mjini, hununua gauni, hupiga picha, na kuona kwamba wamemaliza. Anayekataza na anayenunua wote wamelitazama gauni. Kicheko cha yule mama huenda kina hekima kuliko vyote, kwa kuwa walau humwacha mtoto aendelee kuwa princess mwenye ndoo.

Kuna jibu ambalo wazazi hawa wanalo mdomoni kila siku bila kulihesabu kuwa jibu. Baba wa Kitanzania humwita binti yake mdogo "mama". Pengine mtoto amepewa jina la bibi yake, pengine ni mapenzi tu. Kwa vyovyote vile, mtoto wa miaka mitano huitwa kwa neno ambalo baba huyohuyo hulitumia kwa mzazi wake. Ni cheo kikubwa, na hakitegemei ufalme wa mtu. Wasiwasi ni kwamba "mama" hubeba pia kazi za mama, na mtoto hutambua upesi upande huo wa neno.

Wasiwasi mwingine ni wa mwisho wa hadithi. Binti mfalme wa hadithi huozwa. Katika Kisa cha Sultani Darai, kilichomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870, binti wa sultani anaolewa na mtu asiyemjua kwa ahadi za paa mwenye maneno mazuri. Paa anapougua, mume anamdharau na kuamuru apewe uji duni. Mke ndiye anayemhurumia. Akili na utu wote wa nyumba ile uko kwake, lakini ndoa yake haikumhitaji aulizwe. Binti wa kweli naye yupo karibu. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, akiwa binti wa Sultani Said. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka, na mwaka uliofuata akaolewa huko Aden na mfanyabiashara Mjerumani aliyemchagua mwenyewe. Miaka mitatu baadaye alikuwa mjane huko Hamburg. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, zilitokana na kalamu ile aliyojifunza kwa siri.

Kwa wilaya ambamo mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, mwisho huo wa hadithi si mchezo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa vinakiuka Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Mzazi anayemvalisha mtoto taji na kisha kumwoza kabla hajamaliza shule amemfanya binti mfalme kwa maana kamili ya fungu lile la Kiswahili.

Jadi za hapohapo zilikuwa na namna nyingine ya kumtazama msichana. Wairaqw walikuwa na marmo, unyago ambao Shohei Wada aliuandikia mwaka 1984, ulioachwa wakati wa utawala wa Waingereza: wasichana walikaa ndani pamoja, wakafundishwa, na jamii ikawapokea walipotoka. Usafishwe sifa kupita kiasi? La, ulikuwa na makali yake. Kwa Wadatoga, mke aliyevaa sketi yake ya ngozi alikuwa na baraza nyuma yake. George Klima, aliyekaa na Wabarbaig wa Hanang, alieleza mwaka 1964 jinsi wanawake walivyokusanyika, wakamsikiliza mwenzao aliyekosewa, wakamhukumu mwanamume, na kumtoza faini ya mifugo.