Mpango Upimwe kwa Mwenye Kuutumia
(Maneno yaliyosemwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twasema juu ya jambo ambalo Chama chetu hukutana nalo kila mwaka, yaani namna Serikali ipangavyo mambo ya ustawi wa watu, na ni nani aulizwaye kabla mpango haujakatwa.

Fundi wa nguo hakati kitambaa kabla hajampima mwenye kuivaa. Kupima huko, na kukata kwa kadiri ya mwili, ndiko kuitwako usanifu. Wengi hudhani usanifu ni wa majumba na samani tu. Lakini kanuni ya upana wa barabara, bei ya maji, na hata fomu ya kuombea matibabu, vyote vimesanifiwa na mtu. Na vikisanifiwa vibaya, mnyonge ndiye aumiaye.

Na tutazame mfano wa Mukuru, katika mji wa Nairobi. Mwezi wa Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la kupangwa. Ni eka zaidi ya 600, zenye jamaa wapatao 100,000. Kabla ya hapo Muungano wa Wanavijiji na wenzao walikwisha kufanya uchunguzi, wakaonyesha ya kuwa maskini anunuaye maji kwa mtungi hulipa zaidi kuliko tajiri mwenye mfereji nyumbani mwake.

Mpango ulipoanza, wakaaji walikusanyika kwa makundi ya nyumba kumi kumi, na makundi hayo yakakutana katika mabaraza makubwa zaidi, wakisaidiwa na wataalamu wa vyuo vikuu. Hapo faida ya kuuliza ikaonekana. Kanuni za kawaida za mji zilitaka barabara pana. Lau zingalifuatwa kama zilivyo, nyumba nyingi mno zingalivunjwa. Basi zikachaguliwa barabara nyembamba zaidi, pamoja na mabomba membamba ya maji machafu yazikwayo kina kidogo vichochoroni, kama yalivyoanza kutumika huko Brazil katika miaka ya 1980. Huko si kumpa maskini kitu duni, bali ni kukata nguo kwa kadiri ya mwili. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, Wazee wetu, hatuna budi kusema na lililo chungu. Mwezi wa Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Watu wale wale walioulizwa habari za vichochoro vyao waliona kuta zikianguka. Kwa hiyo twaona ya kuwa usanifu mwema peke yake hautoshi. Mpango ambao idara moja yaujua na nyingine yaupuuza ni kama nyumba isiyo na mlango; yeyote aweza kuingia na kuharibu.

Sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, yataka wananchi washirikishwe, na katika kifungu cha 43 yampa kila mtu haki ya makao yafaayo na usafi. Kilichobaki ni sisi kuidai haki hiyo kwa utaratibu na kwa adabu.

Kwa hiyo twawaomba Wanachama mambo matatu. Kwanza, mpango wowote uletwapo kwetu, tuulize umepimwa kwa nani, na akina Mama wachotao maji wasikizwe mapema, wala si mwisho wa mkutano. Pili, tuombe ujaribiwe kwanza mahali padogo, makosa yake yarekebishwe kabla ya fedha nyingi kutumika. Tatu, kila lililokubaliwa barazani liandikwe, litiwe sahihi, na nakala yake ihifadhiwe na Chama, ili afisa mpya ajapo aonyeshwe.

Vijana wetu wanajua kuchora na kuhesabu. Wazee wanajua mipaka na desturi. Wakikaa meza moja, Serikali itapata vipimo vya kweli.