Kuchagua Shule ya Chekechea



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya jambo ambalo wanachama huuliza wajapo kuomba mkopo wa karo, nalo ni namna ya kuchagua shule ndogo ya chekechea ya mtu binafsi. Hatusemi kama mabingwa, bali kama wazazi tuliokosea.

Mtoto wetu alipotimiza miaka minne tulimpeleka shule iliyosifiwa kwa Kiingereza na kwa sare nzuri. Tulilipa karo ya muhula mzima kabla ya kutia mguu darasani. Baada ya majuma matatu, mtoto aliyekuwa msemaji sana alinyamaza, na kila asubuhi alishika mguu wa meza asitoke nyumbani. Ndipo tulipokwenda kutazama. Tulikuta watoto arobaini, mwalimu mmoja, na fimbo mezani. Karo haikurudishwa.

Basi twawashauri hivi. Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko chini ya serikali za kaunti. Ulizeni huko kama shule imeandikishwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza adhabu ya kumtesa mwanafunzi mwili au moyo. Mkiona fimbo, ondokeni. Msione haya kukagua choo, maji ya kunawa na ua wa kuchezea. Froebel wa Ujerumani, aliyeipa shule yake jina la bustani ya watoto mwaka 1840, alitaka watoto wakue kwa kucheza, kuimba na kutunza mimea. Daftari lililojaa maandishi ya mtoto wa miaka minne si sifa.

Wazee wetu, mjukuu asiyejua Kiingereza katika umri huo asichekwe. Tangu mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilishauri watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali pao. Twajua husemwa, samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumvunja.

Zaidi ya yote, ketini darasani asubuhi moja, mtazame mwalimu afanyavyo mtoto anapolia. Katika shule tuliyomhamishia wetu, mwalimu aliinama, akamfuta machozi, akamwuliza jina lake. Mtoto akajibu. Hapo ndipo tulipolipa.

Kwa hiyo Kamati yaomba kila mwanachama aione shule kwa macho yake kabla ya kuomba mkopo.